Kanisa la San Fiz Linahamishwa

San Fiz da Ponte, 4 Februari 1960

Mdogo wangu Benilde,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Rogelio na mtoto Elvira. Mimi sijambo, goti la kushoto tu ndilo linaloninyima raha tangu mvua za Desemba. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Nguruwe tulimchinja siku ya Mtakatifu Martino, na soseji zinaning'inia juu ya moto. Nikizitazama nakukumbuka, maana hakuna aliyekuwa akizidokoa kama wewe. Shangazi Hermitas ametutoka wiki mbili kabla ya Krismasi. Hakuugua. Alikaa kumenya viazi, akalala, basi.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Lile bwawa la umeme walilolisema miaka yote, tukadhani ni maneno ya magazeti, limefika. Mji wetu wote utakwenda chini ya maji. Wameamua kulihamisha kanisa, walijenge upya kule mlimani, jiwe kwa jiwe. Jumatatu nilipokwenda kufungua mlango nilimkuta mtu juu ya ngazi anamwandikia malaika wa jiwe namba shavuni kwa rangi nyekundu. Wale wazee ishirini na wanne wenye vinanda, waliochongwa juu ya mlango, kila mmoja ana namba kifuani kama mfungwa.

Nikamwambia, "We bwana, shuka hapo mara moja!"

Akacheka. "Mama, nikimwacha bila namba atajengwa kichwa chini miguu juu."

Anaitwa Amador, mwashi kutoka Pontevedra. Baadaye nilimpa supu, maana si yeye mwenye kosa.

Lakini orodha yao nimeisoma, imebandikwa mlangoni. Kanisa litahama. Upinde mmoja wa daraja utahama. Kikanisa cha juu ya ngazi kitahama. Na uso wa nyumba ya Cirilo, mwenye duka la dawa, nao utahama, kwa sababu una ngao ya ukoo imechongwa juu ya dirisha. Juu ya huyo sitaandika zaidi. Sisi tutapewa nyumba mpya nyeupe, zote sawa, kama masanduku ya sabuni yaliyopangwa. Na ile Nyumba ya Mahujaji, iliyowalaza na kuwalisha waendao kwa miguu kwenye kaburi la Mtume Yakobo miaka mia saba, haimo. Nilimuuliza injinia wa bwawa. Akasema haina thamani ya sanaa.

"Na bustani ya nyuma?" nikamuuliza.

"Bustani ni bustani, mama. Utapanda kabichi nyingine."

Nilitaka kumtemea mate viatuni. Benilde, unajua kwa nini nimeuliza habari za bustani. Posta haihitaji kujua. Niandikie upesi.

Dada yako,
Obdulia


Avellaneda, Buenos Aires, 27 Machi 1960

Dada mpendwa,

Barua yako imefika na machozi yangu yakafuata, kwa ajili ya shangazi Hermitas. Nimemwashia mshumaa katika kanisa la hapa mtaani, ingawa padri wa hapa ana haraka kama mtu anayeogopa kukosa treni. Sisi tu wazima. Rogelio bado yuko kwenye karakana ya ngozi, harufu haimtoki hata akioga mara mbili. Elvira ameng'oka meno ya mbele na anacheza ngoma zetu kwenye chama cha watu wa kwetu kila Jumapili. Joto la mwaka huu limetuua.

Dada, habari za kanisa zimefika hata huku! Pale chamani wametuonyesha picha za mawe yenye namba. Watu wakasimama wakapiga makofi, wazee wakalia. Jirani zangu Waitaliano wananiuliza, "Kumbe kwenu kuna kanisa la maana hivyo?" Nikasema ndiyo, na dada yangu ndiye mwenye ufunguo. Nitumie picha yako umesimama mlangoni pake, nitaitia fremu. Na kipande kidogo cha jiwe, kama kipo kisichohitajika.

Usijisumbue sana na mengine. Miaka imepita. Nyumba mpya itakuwa na maji ya bomba, goti lako litafurahi.

Mdogo wako anayekupenda,
Benilde


San Fiz da Ponte, 15 Mei 1960

Benilde,

Barua hii simpi tarishi. Anaibeba Carmiña, binti wa mwokaji, anayepanda meli Vigo wiki hii kwenda kuolewa huko. Ataitia mkononi mwako, kwa hiyo naandika mambo kwa majina yake. Tu wazima. Ndama anakua. Sasa nisikilize.

Unaniomba picha na kipande cha jiwe! Nilikuuliza juu ya baba yetu, ukanijibu habari za maji ya bomba.

Baba yupo kwenye bustani ya Nyumba ya Mahujaji, chini ya ukuta wa kaskazini, pale walipozikwa zamani mahujaji waliokufa njiani. Unajua hivyo nami najua. Walimtoa darini kwenye nyumba ile alikojificha, Agosti ya mwaka thelathini na sita, vita vilipoanza, wakampiga risasi bustanini kwa sababu aliwaandikisha waashi katika chama chao cha wafanyakazi. Hawakumwandika popote. Miaka ishirini na minne mji mzima unapita pale ukitazama upande mwingine. Na sasa kila kokoto la kanisa, alilolikarabati baba kwa mikono yake, paa lile aliloliezeka alipokuwa na homa, limeandikwa namba ili lisipotee. Yeye peke yake ndiye atakayeachwa chini ya maji.

Nilikwenda kwa padri, Don Ovidio, huyu kijana aliyekuja baada ya yule mzee. Nikamwambia makaburi yote yanahamishwa, na la Delmiro Varela lihamishwe.

Akafungua daftari. "Hayumo."

"Najua hayumo, padri. Yumo ardhini."

"Obdulia, kwa nini kufukua mambo?"

"Kwani nyinyi mnafanya nini na kanisa? Si mnafukua mpaka msingi?"

Akawa mwekundu. Mwishowe akasema nikileta karatasi yenye sahihi za watoto wote wa marehemu, ya kuomba ahamishwe, ataipeleka mbele. Amesema hivyo ili niondoke. Lakini amesema, na Amador alikuwepo akasikia. Watoto wa marehemu ni wawili. Yangu nimeshatia. Nenda kwa wakili huko, uweke sahihi na mhuri, uitume. Malango ya bwawa yanafungwa Septemba ya mwakani. Muda upo, lakini si mwingi.

Obdulia


Buenos Aires, 30 Oktoba 1960

Dada,

Nisamehe kuchelewa. Barua hii inakuja kwa mkono wa msafiri, si kwa posta. Elvira aliugua surua, halafu Rogelio akaumia mkono na mashine. Sasa wote wamepona. Carmiña ameolewa, arusi ilikuwa nzuri, tulikula pweza mpaka tukachoka.

Karatasi sijaituma. Nilikwenda mpaka mlango wa wakili nikarudi. Kwa nini tusimwache apumzike? Maji hayamdhuru mtu aliyekwisha kufa. Ukimfukua utawaamsha watu, na wewe ndiye unayeishi nao, si mimi.

Tena nikuulize, kwa kuwa umenisema sana. Walipomuua baba, kengele ya kanisa ilinyamaza? Padri wa siku zile alifungua mdomo? Hata siku moja. Na wewe, mwaka uliofuata, ukaenda kumwomba akupe kazi ya kufagia kanisa! Miaka yote hii unabeba ufunguo wao, unang'arisha vinara vyao, unawakunjia kanzu. Mimi nilikimbia ng'ambo nisiwaone tena. Wewe ukapiga magoti mbele yao. Kwa hiyo usinifundishe heshima ya baba.

Benilde


San Fiz da Ponte, 2 Desemba 1960

Benilde,

Ninyi nyote hamjambo, nimefurahi. Sisi pia. Msafiri wako ndiye anayerudi na barua hii.

Umeandika neno ambalo lingetoka kinywani mwa mwingine ningempiga kofi. Basi nikuambie nisiyowahi kumwambia mtu. Shada la funguo la kanisa lina funguo tano. Wa mlango mkuu, wa mnara, wa sakristia, wa sanduku la vyombo, na wa tano ni wa lango la bustani ya Nyumba ya Mahujaji. Walilifunga wiki ile ile waliyomuua, na hapakuwa na njia nyingine ya kuingia. Ningefanya nini? Nilimwendea yule padri mzee nikamwambia naomba kufagia. Nikavifuta vinara vyake. Nikamkunjia kanzu, huku nikitamani kumnyonga nayo. Na kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitatu nimefungua lango lile, nikang'oa magugu juu ya baba yangu, nikamwambia habari za nyumbani, nikafunga, nikaenda kupanga maua ya altare. Ulipoondoka nilimwambia. Elvira alipozaliwa nilimwambia. Huko ndiko kupiga magoti kwangu.

Leo wameliondoa paa. Mvua inanyesha mahali pa altare. Wageni wanakuja na magari kupiga picha, wananiuliza, "Mama, hapa pana nini kingine cha kihistoria?" Nawaambia hakuna.

Unasema unaogopa kwa ajili yangu. Siamini kama ni hilo. Kama kuna jambo jingine linalokuzuia mkono, lisemwe na wewe mwenyewe, kwa sababu mimi sitalisema.

Obdulia


Buenos Aires, 19 Februari 1961

Dada Obdulia,

Sitaanza na habari za nyumbani. Nikianza nazo nitajificha humo tena.

Karatasi imo ndani ya bahasha hii, anayoileta mtu anayerudi huko, ina sahihi yangu na mhuri wa wakili. Nimeitia sahihi kwanza, kabla ya kuandika haya, ili usiichane barua ukakosa karatasi.

Agosti ile nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa ukinituma nikuangalizie njia unapompelekea baba mkate, ukiniambia ni mchezo. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za daraja. Cirilo akaja. Unakumbuka kwamba ndiye aliyenishika nilipobatizwa, nilikuwa namwita baba mdogo. Akakaa karibu yangu na suti yake nyeupe, akanipa lozi za sukari kwenye karatasi. Akasema, "Kipenzi changu, maskini Delmiro atakuwa hana tumbaku huko aliko. Nataka kumpelekea. Anakaa wapi siku hizi?"

Nikafurahi, Obdulia. Nilifurahi kwamba baba atapata tumbaku. Nikasema, "Darini, Nyumba ya Mahujaji, upande wenye njiwa."

Akanipapasa kichwa. Jioni ile ile wakaja.

Sijala lozi tangu siku hiyo. Sijamwambia Rogelio. Nimevuka bahari na jambo hili, limenizalia usingizi mbovu wa miaka ishirini na minne. Ndiyo sababu sikutaka afukuliwe. Niliona kwamba akitolewa atanitazama. Na ndiyo sababu nilikutukana. Na sasa unaniandikia kwamba nyumba ya yule mtu inabebwa mlimani kama mtakatifu!

Sasa umejua. Usiponiandikia tena nitaelewa.

Benilde


San Fiz mpya, 9 Julai 1961

Mdogo wangu, mdogo wangu Benilde,

Nisamehe miezi hii ya kunyamaza. Barua hii isingeweza kupita posta, na nilitaka kwanza kazi iishe ndipo nikuandikie. Anaileta binamu yake Amador. Mimi mzima. Nyumba mpya inavuja.

Tulijua.

Jioni ile mama alipokuvua gauni kukulaza alikuta lozi tatu mfukoni, zimeyeyukia kitambaani. Nyumbani kwetu nani angenunua lozi, mwaka ule? Zilikuwa zikiuzwa duka moja tu. Mama akazitupa motoni, akanitazama, nami nikaelewa. Kabla hajafa aliniapisha nisikuambie kamwe kwamba tunajua, mpaka utakaposema mwenyewe. Alidhani labda umesahau, akataka uendelee kusahau. Mimi nilitumaini hivyo pia. Kumbe umekuwa ukilibeba peke yako, nasi tukilibeba kivyetu, kila mtu akimwonea mwenzake huruma kimya kimya, na yule mbwa akilala usingizi wake vizuri! Hilo ndilo linalonichemsha damu. Ulikuwa na miaka tisa na ulimtakia baba yako tumbaku. Mwanamume mzima mwenye suti na leso mfukoni ndiye aliyepanga, akapima umri wako kama anavyopima dawa. Wewe hukumuua mtu. Nisikusikie tena ukisema hivyo, la sivyo nitavuka hiyo bahari na goti langu bovu nije nikutandike.

Sasa sikia yaliyotokea.

Karatasi yako nilimpelekea padri. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Ni nzuri, lakini inahitaji idhini ya mkuu wa mkoa." Nikamwomba anirudishie. Nikamwambia, "Padri, nilikuwa nakutafutia nafasi ya kuwa mtu mwema. Imepita." Nikamwekea shada la funguo mezani, funguo nne.

Siku ya misa ya kwanza katika kanisa lililojengwa upya, Juni, wote walipanda mlimani. Bendi, maaskofu, watu wa magazeti. Kule chini hapakubaki hata paka. Mimi na Amador tuliingia bustanini saa sita mchana, jua kali, bila kujificha, na sepetu mbili. Hakuwa chini sana, Benilde, hata hawakuchimba vizuri. Mfukoni mwake ilikuwemo timazi yake ya shaba ya kupimia kuta, ile aliyokuwa akituachia tuichezee, imegeuka kijani. Amador alivua kofia akaondoka akasimama mbali. Mimi nikakaa naye. Kutoka huko juu tulisikia kengele zikijaribiwa.

Chini yake alikuwepo mwingine, wa zamani sana, mifupa kama udongo, na gamba la kombe kifuani, ile alama ya waliotembea mpaka kwa Mtume. Nani atamjua jina lake? Nikasema huyu amempa baba kitanda miaka yote hii, hataachwa azame peke yake. Tukamchukua na yeye.

Tulipanda na mkokoteni wa ng'ombe kupitia njia kuu. Watu walikuwa wanatoka misani. Wakaona masanduku mawili ya mbao, wakaniona mimi. Hakuna aliyeuliza. Wanaume wengine wakavua kofia, kisha wakaogopa walichokifanya wakazivaa tena. Cirilo alikuwa mbele ya nyumba yake, ile ile yenye ngao, anawaonyesha wageni dirisha. Amezeeka, ana fimbo. Akaja mpaka kwenye mkokoteni, na sauti yake ile laini.

"Obdulia, ni nani huyo unayemzika siku kama ya leo?"

Nikasema kwa sauti, wageni wote wasikie, "Ni yule uliyetaka kumpelekea tumbaku."

Benilde, natamani ungemwona. Akageuka kurudi ndani, na mlango ulikuwa bado haujafungwa vizuri bawaba zake, ukamkatalia. Akahangaika nao mbele yetu wote. Hakuna aliyekwenda kumsaidia.

Kwenye makaburi mapya karani alikuwa peke yake, anakula mkate wa nyama.

"Jina?"

"Delmiro Varela Souto, mwashi. Na mwingine, hujaji, jina halijulikani."

"Varela alikufa lini?"

"Agosti kumi na tisa, mwaka thelathini na sita."

Akaacha kutafuna. "Chanzo cha kifo?"

"Andika alipigwa risasi."

"Mama, siwezi. Nina watoto."

"Yeye pia alikuwa nao. Wawili."

Mwishowe akaandika jina, kazi na tarehe, na penye chanzo akaacha wazi. Hakuandika uongo. Niliridhika na hilo kwa siku moja. Kesho yake nikaona hasira zangu zote zimerudi, nami sitaki ziniondoke. Nafasi ile bado iko wazi kwenye daftari, na nitapita kila mwezi kumuuliza kama amepata kalamu.

Amador amechonga jiwe. Hakutaka chochote, alisema ni kazi ya mwashi kwa mwashi. Jina la baba liko juu, na mstari mmoja chini yake, wa kumtaja hujaji aliyelala naye. Alipofika mwisho akaniuliza, "Na waliomzika niwaandikeje?"

Nikamwambia aandike kwamba wamemzika binti zake. Akauliza aanze na jina la nani, maana desturi ni kuanza na mkubwa.

Nimemwambia aanze na lako.

Dada yako,
Obdulia